Kabla ya kuuliza kama chakula ni halisi, uliza kinapikiwa nani

Wanaojua kwamba niliwahi kuhudumia meza kwenye mgahawa wa wahamiaji huniuliza swali lile lile: nitajuaje kama chakula chao ni halisi? Jibu langu huwaudhi kidogo. Achana na swali hilo. Angalia jiko hilo linampikia nani, kisha ndipo uagize.

Mgahawa wenyewe ulikuwa wa familia ya Kiethiopia. Wageni tuliwapa menyu yenye picha: nyama ya kukaanga, mboga za aina aina juu ya injera, ule mkate mpana laini uliochachuliwa, na alama ya pilipili moja, mbili au tatu. Alasiri, wateja wa mchana wakishatawanyika, mama mwenye mgahawa alitutolea sinia la wafanyakazi. Shiro nzito, yaani mchuzi wa unga wa kunde na dengu, bado inatokota kwenye chungu. Pembeni kulikuwa na firfir, yaani injera ya jana iliyochanwachanwa na kukorogwa ndani ya mchuzi wa berbere, mchanganyiko wa pilipili na viungo, mkali kiasi cha kukutoa jasho kwenye kope. Vyakula hivyo havikuwa kwenye menyu. Si kwamba mama alikuwa anawaficha wageni siri; hakuamini tu kwamba kuna mgeni atakayetoa pesa yake kwa injera iliyolala. Siku moja mteja aliyechelewa akachungulia sinia letu na kuomba alichokiona. Akala akamaliza, akarudi wiki iliyofuata na wenzake, na muda si mrefu firfir ikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na kaunta.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna gharama: tupia jicho meza ya wafanyakazi, na meza ya wazee wanaoongea lugha ya mpishi. Usiwakodolee macho. Mhudumu akija, mwambie, "Naomba kama kile cha wale pale." Ukiona anasita, mhakikishie kwamba pilipili unaiweza na kwamba hutarudisha sahani. Kusita kwake kuna sababu, maana sahani inayorudishwa jikoni ni hasara ya mwenye mgahawa.

Lakini usije ukadhani kile cha kwenye menyu ni cha uongo. Hapo ndipo wengi wanaojiita wajuzi wa chakula huniboa. Waethiopia waliokimbia nchi yao baada ya mapinduzi ya 1974 wakafika Washington walikuta teff, nafaka ya kutengenezea injera, haipatikani kirahisi. Wapishi wakachachua unga wa ngano, wa shayiri, wowote uliokuwepo, mpaka miaka ya 1980 mkulima mmoja wa jimbo la Idaho alipoanza kulima teff na kuwauzia. Sasa ile injera ya ngano tuiite bandia? Ilikuwa ndiyo injera ya watu wale, mwaka ule, katika jiji lile. Watoto wao walikua wakiila.

Berlin nayo ina habari yake. Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba na Uturuki mwaka 1961 ili ipate wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1973, uchumi ulipoyumba, uajiri huo ukasitishwa, na miaka iliyofuata watu wengi walipoteza kazi. Baadhi yao wakageukia vibanda vya chakula. Döner, nyama inayochomwa ikizungushwa kwenye mti wa chuma na kukatwa vipande vyembamba, kwao ilikuwa ya kukaa mezani, kwenye sahani, na wali au mkate pembeni. Mjerumani anayewahi treni hana muda wa kukaa, basi nyama ikaingizwa ndani ya mkate pamoja na saladi na mchuzi. Kadir Nurman hutajwa sana kuwa aliuza hivyo mwaka 1972 karibu na kituo cha treni cha Bahnhof Zoo, ingawa wapo wanaodai heshima hiyo ni ya wengine. Mimi ubishi huo siuingilii. Ninachokiona ni kwamba chakula kinachoitambulisha Berlin leo kilizaliwa na kuenea kwa sababu ya mkataba, ajira zilizopotea na mteja mwenye haraka.

London utakuta vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya migahawa inayojiita ya Kihindi ilianzishwa na watu wa Sylhet, ambayo leo iko Bangladesh. Wengi wa mwanzo walikuwa mabaharia waliofanya kazi kwenye meli za Waingereza. Walinunua mikahawa iliyochakaa, wakaendelea kuuza samaki na chipsi huku wakipenyeza mchuzi wao, na wakakubali kufungua usiku baa zinapofungwa, saa ambazo wengine hawakuzitaka. Mlevi wa saa tano usiku anataka kitu cha moto, chenye rojo nyingi, na anakitaka sasa hivi. Menyu ikajengwa juu yake. Mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alisema chicken tikka masala, vipande vya kuku kwenye rojo ya viungo, ni chakula cha kweli cha taifa la Uingereza. Wapo waliocheka. Mimi naona alikuwa sahihi.

Sheria nayo hupika. Marekani ilipiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia mwaka 1882, lakini wafanyabiashara waliruhusiwa. Mwaka 1915 mahakama ikawahesabu wenye migahawa kuwa wafanyabiashara, na kuanzia hapo kuwa na hisa kwenye mgahawa mkubwa ikawa njia ya kwenda China na kurudi, hata kumleta ndugu. Migahawa ikaongezeka. Ukijua hilo hutamuuliza tena mtu kwa nini jamii fulani "inapenda" biashara ya chakula. Mara nyingi huo ndio mlango pekee ulioachwa wazi.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo ninapokuwa mkali. Watu wanaolipa bila kunung'unika kwa tambi za Kiitaliano zilizokandwa kwa mkono husonya wakikuta maandazi ya nyama ya Kichina, yaliyokunjwa kwa mkono vilevile, yamepanda bei kidogo. Unga ni unga. Kazi ni ile ile, pengine ya Mchina ni kubwa zaidi. Tofauti ni hadhi tunayowapa watu wenyewe. Waitaliano hao hao, walipokuwa wahamiaji maskini Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, walidharauliwa kwa kunuka kitunguu saumu, na maafisa wa ustawi waliwashauri akina mama wao wapunguze viungo. Walipopanda ngazi, bei za chakula chao zikapanda nao. Chakula cha Kichina kilipata bahati nyingine: barua iliyochapishwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1968 ilizua hofu ya MSG, kiungo cha kuongeza ladha, na ingawa majaribio ya baadaye hayakuthibitisha madai hayo kwa uhakika, hadi leo kuna mteja anayeanza oda yake kwa kuuliza kama kimo. Supu ya pakiti yenye kiungo hicho hicho anaibugia nyumbani bila wasiwasi.

Kwa hiyo usimsifu mtu kwa bei rahisi. "Kitamu na bei ya kutupa" ni sifa inayomfunga mikono. Mwenye mgahawa akishaitwa rahisi, anaogopa kupandisha bei hata kodi ya pango inapopanda, na fidia inatoka kwenye mshahara wa binti yake anayeosha vyombo, ambaye mara nyingi halipwi kabisa. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Ukiandika maoni mtandaoni, taja sahani kwa jina, eleza ilikuwaje, sema uliambatana na nani. Mjadala wa bei waachie wengine.

Na uagize moja kwa moja. Kampuni zinazoleta chakula kwa programu za simu zinaweza kukata hadi asilimia 30 ya oda, na faida ya mgahawa mdogo kwa kawaida haifiki hata nusu ya hapo. Piga simu, nenda kachukue mwenyewe. Ukipiga simu lafudhi ya anayepokea isikukimbize. Taja namba ya chakula kwenye menyu kama ni lazima.

Siku ya kwenda pia ina maana yake. Usiende Jumanne usiku ukaona meza tupu ukahukumu. Nenda Ijumaa baada ya swala au Jumapili baada ya ibada, kutegemea ni akina nani, ukute watoto wanakimbizana kati ya meza na mjomba fulani anafanya mahesabu ya mchango wa msiba. Migahawa hii ni ukumbi wa jamii kabla ya kuwa mahali pa kula, na wenye mamlaka wanalijua hilo. Mangrove, mgahawa uliofunguliwa na Frank Crichlow wa Trinidad huko Notting Hill, London, mwaka 1968, ulivamiwa na polisi mara 12 katika muda wa mwaka mmoja na nusu. Watu walipoandamana Agosti 1970, 9 kati yao walishtakiwa. Mwaka uliofuata wote waliondolewa shtaka zito la kuchochea ghasia, na jaji akakiri kwamba ushahidi ulionyesha chuki ya rangi kwa pande zote mbili, polisi wakiwemo. Ukiambiwa mtaa fulani "chakula kizuri ila pana fujo", jiulize fujo hiyo nani aliianzisha.

La mwisho ni kuhusu kuhama. Mgahawa ukisifiwa sana, mtaa nao husifiwa, na mwenye nyumba husoma magazeti kama wewe. Washington, Waethiopia walianzia mtaa wa Adams Morgan, wakasogea kuelekea U Street, na wengi sasa wako nje ya jiji, Silver Spring na Alexandria. Ukikuta mlango umefungwa usiandike tanzia. Uliza duka la viungo la karibu au dereva wa teksi wa jamii hiyo. Watakutajia mtaa, jirani na kituo gani cha mafuta, na siku wanayopika kile unachokipenda. Safari itakuwa ndefu kidogo. Piga simu kwanza.