Plasta ya nje inayobanduka kwenye nyumba ya zamani

Dada, umeuliza kuhusu plasta ya nje inayobanduka na unga mweupe unaotoka ukutani; pole. Usimruhusu fundi apige saruji nzito juu ya plasta ya zamani kwenye nyumba hiyo ya baba yenu hapo Jinja. Matofali ya kuchoma ni laini, yanafyonza maji. Saruji ngumu hupata nyufa, mvua inaingia, na unyevu unakosa pa kutokea. Ndiyo maana ukuta wenu unatoa ule unga mweupe wa chumvi.

Kwanza tafuteni maji yanatoka wapi: mfereji wa bati uliotoboka, au udongo uliorundikana juu ya msingi. Bila hilo mtarudia kazi, naapa.

Kisha gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu, bandua pote. Kwangua viungo vya matofali, piga brashi, lowesha. Changanya sehemu 1 ya saruji, sehemu 1 ya chokaa, sehemu 6 za mchanga safi. Mchanga wenye udongo ukatae hata ukiwa wa bure. Pigeni tabaka mbili nyembamba, na mfunike kwa magunia yaliyoloweshwa maji wiki nzima.

Anzeni sasa, kabla mvua za Machi hazijafika.