Wasifu wa Mzee Usiishie Kwenye Vyeo Vyake

Babangu alikuwa mhandisi wa maji hapa Mombasa. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, jamaa walinikabidhi mimi kazi ya kuandika maisha yake ili wajukuu wapate cha kusoma. Tangu hapo watu kadhaa waliofiwa na wazazi wao wameniuliza nilianzia wapi, kwa hivyo nayaweka hapa.

Usianze na faili la vyeti. Vyeti vitakungoja kabatini, lakini watu hawatakungoja. Kwetu mazishi hayacheleweshwi, na wale aliofanya nao kazi huja siku hizohizo za mwanzo za matanga. Watatoa mkono wa pole, watakunywa kahawa, kisha kila mtu atarudi kwake Mazeras, Voi au Kisauni, na wengi wao ni wazee. Kaa nao barazani uwaulize swali moja: mzee alikuwa akifanya nini hasa kazini? Andika majina na namba zao za simu, maana utawahitaji tena.

Mimi swali hilo lilinifikisha kwa fundi mmoja mzee. Mazikoni hutangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Yeye alijitokeza kurudisha amana: fimbo ndefu ya chuma ambayo babangu alimwazima walipokuwa kazini.

Inafaa nieleze kidogo. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Chyulu, maji hupenya katika mawe ya volkano, yakaja kutokea chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Tangu 1957 bomba lenye urefu wa kilomita zipatazo 220 huyaleta mpaka Mombasa. Sisi watoto tulichojua ni kwamba "Baba yuko laini", akikagua bomba hilo. Hatukujua kazi aliyokuwa akiifanya mjini usiku, na hiyo ndiyo aliyotusimulia yule fundi.

Bomba likipasuka chini ya ardhi, maji si lazima yaonekane juu. Kwa hivyo walitoka usiku wa manane, watu wamefunga mifereji, presha imepanda na magari yamepungua. Babangu aliweka ncha moja ya ile fimbo juu ya valvu, ncha ya pili akaishikiza sikioni, akafumba macho. Bomba linalovuja hutoa mlio mwembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Walihama valvu hadi valvu. Mlio ukizidi walijua wanakaribia, ukififia walijua wamepita. Na hata alipokuwa na hakika, alirudi kusikiliza upande wa pili kabla ya kuruhusu sururu kuteremka. Kuchimbua njia ya watu bure, alisema fundi, mzee aliona ni dhuluma.

Sasa iweke hadithi hiyo kando ya sentensi tuliyozoea: "Marehemu alisimamia matengenezo ya miundombinu ya maji." Ni kweli tupu, lakini mjukuu akiisoma hatamwona babu yake.

Upande wa pili wa usiku ule alikuwa nao mamangu. Alikuwa kwenye eda, miezi 4 na siku 10, na baada ya alasiri nilikuwa nikiketi naye, simu ikirekodi kwa ruhusa yake. Nakushauri ufanye hivyo, ila kwa upole. Siku akinyamaza, nyamaza naye. Kesho ataendelea mwenyewe. Kwake ndiko nilikojua kwamba mzee akirudi alfajiri alivua viatu vya matope nje, na baada ya swala aliingia jikoni kusukuma mahamri na kuyakaanga, unga ukiwa umeshaumuka tangu usiku, ili mkewe apate kulala kidogo zaidi. Sisi tukiamka na kukuta mahamri na mbaazi mezani, tulidhani ni mama.

Alinieleza pia lililomuuma. Wakati wa mgao, mfereji wetu ulikauka kama ya jirani zetu wote, tukanunua maji ya mikokoteni, mtungi wa lita 20 baada ya mwingine. Neno moja la babangu lingetosha mtaa wetu ufunguliwe valvu kwa saa mbili. Hakulisema, na mamangu aliyebeba mitungi hiyo alikasirika kweli. Nimeyaandika malalamiko yake kama alivyoyasema. Ndugu yangu mmoja alitaka tuyafute, ati tusimchafue marehemu. Mimi naona hapo ndipo uadilifu wake unapoonekana, pamoja na gharama yake na nani aliyeilipa.

Kuhusu tarehe na majina, kwa ufupi: tumia jina la mahali kama lilivyoitwa zama zake, kisha uongeze la leo. Babangu alisoma MIOME, chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Alitembea Kilindini Road kabla haijaitwa Moi Avenue, na alivuka kwenda Nyali kwa daraja la kuelea, kabla ya hili la sasa la 1980. Ukiweka majina ya leo peke yake, wenzake wa rika lake hawatautambua mji wao.

Ukimaliza, usikimbilie kuchapisha. Msomee mama kwa sauti, kisha wapelekee wale mafundi nakala na uwape muda. Mimi simu zilianza kuingia baada ya wiki: huyu anasema valvu ile ilikuwa Makupa wala si Tudor, yule anakumbuka mtu niliyemsahau. Sahihisha yote, na mwisho wa kitabu acha kurasa tupu, maana kuna atakayekuja na jambo jipya ukishadhani umekamilisha.