Muhtasari wa kikao haubadilishi mkataba

Umeuliza kama muhtasari ulioutuma kwa barua pepe baada ya kikao na mteja unatosha kubadili tarehe ya kukabidhi kazi, kwa kuwa hakuna aliyeupinga. Kwa kawaida hautoshi. Fungua mkataba wenu utafute kifungu cha marekebisho: mikataba mingi inataka mabadiliko yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili. Muhtasari ni ushahidi wa mlichozungumza, na ni ushahidi mzuri, ila usiuchanganye na nyongeza ya mkataba.

Hata taarifa rasmi ina njia yake. Kwenye mikataba ya ujenzi ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya 2017, mkandarasi anayedai muda au malipo ya ziada ana siku 28 za kutoa notisi, nayo lazima itajwe kuwa ni notisi. Kuligusia jambo kwenye "yatokanayo" hakukuokoi.

Hata hivyo endelea kuandika. Tuma siku hiyohiyo au kesho yake, watu wakiwa bado wanakumbuka. Andika kilichoamuliwa, nani atatekeleza na lini; maneno ya hasira ya fulani yaache (nimeona muhtasari mmoja ukizua ugomvi mkubwa kuliko kikao chenyewe). Weka siku ya mwisho ya kuleta masahihisho.

Ukitaka kumtumia pia nakala ya muhtasari mkandarasi mdogo (anayefanya sehemu ya kazi chini yako), soma kwanza kifungu cha usiri kwenye mkataba. Kama bei za mteja zimo, mpe sehemu inayomhusu tu.