Una kila kitu, na kila kitu kinakuchosha

Pole, ndugu yangu. Umesema mshahara unatosha, nchi za watu umeshazitembea, lakini hata harusi ya rafiki yako uliiona marudio matupu. Wanaokuambia huna shukrani wapuuze. Uchovu huu ni wa zamani: mshairi Mfaransa Baudelaire aliuchora mwaka 1857 kama dubwana linalovuta shisha huku likiota majukwaa ya kunyongea watu.

Kwanza hakikisha si sonona. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna hamu na chochote, usingizi umevurugika na chakula hakishuki, muone daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Mawazo ya kujidhuru yakipita kichwani, nenda leo leo.

Kama siyo hivyo, usikate tiketi nyingine ya ndege. Tafuta jambo gumu usilolijua kabisa, lenye mwalimu na wenzako watakaouliza uko wapi usipofika. Mimi nilijiunga na darasa la udi, kile chombo cha nyuzi cha muziki wa taarab. Vidole viliwaka moto, nyuzi zikakwaruza, na mwalimu alikuwa akinirudisha mwanzo mbele ya watoto wa shule. Ukiwa unaaibika namna ile, miayo haiji.

Ila chunga pombe, kamari za kwenye simu na michepuko. Zinachangamsha jioni moja tu, kisha zinadai zaidi. Na barua ya kuacha kazi uliyosema umeshaiandika, usiipeleke kwanza.