PAYE inakuja baada ya NSSF
Ndugu, umesema mshahara wako ni 900,000, Excel inakupa 572,000 mkononi, ila benki zinaingia 594,500. Mhasibu wenu yuko sahihi. Wewe umepiga PAYE, yaani kodi ya mshahara hapa Tanzania, kwenye mshahara wote. Toa kwanza NSSF, mchango wako wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 90,000. Zinabaki 810,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi: 68,000 kwa zile 760,000 za kwanza, jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi hapo. Inakuja 80,500. Makato ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu yaache yalivyo, 135,000. Wale wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla ya makato yoyote, hawana huruma. Halafu viwango viweke kwenye seli za pembeni, usiviandike ndani ya fomula. Bajeti ya serikali ikivigusa Julai, unabadilisha hapo tu.