Dereva anayekunywa kila siku anahitaji daktari pamoja na hakimu

Nilikuwa dereva wa trela kati ya Malaba na Kampala, na mara mbili askari wa trafiki walinipa kawunyemu, yaani kipima pombe, nipulize, nikakutwa nimezidisha pombe. Mara ya kwanza nilitozwa faini, nikailipa kwa karo ya mwanangu, na jioni ile ile nikanunua waragi, pombe kali, ili mikono iache kutetemeka.

Mara ya pili niliwekwa rumande. Usiku wa pili nilianguka kwa kifafa, na mahabusu mwenzangu, ambaye hadi leo sijui jina lake, akanishika kichwa kisigonge saruji. Baadaye daktari alinieleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku, ukikatiwa ghafla, unaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na wengine huweweseka hata kufa. Kwa hiyo, ndugu wa dereva aliyekamatwa, mwambieni askari wa zamu bila kuona haya kwamba mtu wenu hunywa kila siku, kisha mwombeni afikishwe kwa daktari.

Matibabu yangu yalianza kwa dawa za kutuliza na sindano za vitamini B1, yakafuatiwa na wiki nyingi za ushauri nasaha, ambazo zilikuwa ngumu kuliko rumande kwa sababu nililazimika kusema kwa sauti ni mara ngapi nilisinzia kwenye usukani. Hapa kwetu Uganda, hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika ina kitengo cha kutibu uraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Sidai kwamba dereva mlevi aachiliwe. Katika jimbo la New Mexico, Marekani, ilianzishwa mwaka 1995 mahakama maalumu ambako dereva wa aina hiyo hutibiwa chini ya macho ya hakimu, hupimwa pombe mara kwa mara, na akikiuka masharti huadhibiwa. Sisi tayari tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000, inayomruhusu hakimu kumpa mwenye kosa dogo kazi ya umma badala ya kifungo. Ningependa tiba nayo ipewe nafasi kama hiyo.

Leseni, hata hivyo, isirudishwe haraka. Yangu nilimkabidhi mke wangu, akaifungia sandukuni mwaka mzima, ingawa hakuna aliyeniamuru, na mwaka huo nilipakia mizigo Busia kwa mikono yangu.