Juu ya Bomba Panalia Kama Debe Tupu

SWALI: Tulipenyeza bomba la plastiki la mm 250 ndani ya kalavati kuukuu la zege lenye upana wa ndani wa mm 300, tukajaza nafasi iliyobaki kwa uji wa saruji uliokorogwa kwa chepe. Baada ya wiki, ukigonga mdomoni, upande wa juu unalia kama debe tupu. Saruji ilikuwa mpya. Tulikosea wapi?
Fundi, Ujiji, Kigoma

JIBU: Saruji haina kesi, fundi, kesi ni ya chepe. Saruji ikilowa bila kupigwa kwa nguvu hushikana vibonge vyenye kiini kikavu. Uji huonekana mzito, mtu anaongeza maji, kumbe maji yalitosha. Yale ya ziada hupanda juu, saruji ikatuama. Yakishanyonywa au kuvuja, linabaki pengo. Ndilo mnalolisikia.

Mfuko wa kilo 50 upimieni lita 22 hadi 23. Maji yote yatangulie kwenye pipa, saruji imiminwe polepole mashine ikizunguka, kisha endeleeni dakika tatu baada ya mfuko wa mwisho. Mashine ya kasi kubwa ndiyo inayovunja vibonge. Drili yenye pangaboi inafaa kazi ndogo tu, na uji wake lazima upite kwenye chekeche. Msikoroge nusu saa mkidhani mnaongeza ubora: uji unapata joto na kuanza kukaza. Ukishakaza, umwageni, msiufufue kwa maji.

Kabla ya kupampu, jazeni chupa angavu iliyonyooka hadi sm 20, iacheni saa tatu. Maji meupe juu yakizidi mm 4, mkorogo huo haufai.

Hesabuni pia mifuko. Mfuko mmoja kwa maji hayo hutoa takriban lita 38. Nafasi yenu inakula karibu lita 22 kwa mita. Mita 18 zinahitaji mifuko 10 na ziada kidogo.

Mara nyingine pampuni kutoka upande wa chini, tundu la hewa likiwa upande wa juu, hadi uji mzito utoke hapo. Na bomba lisielee: uji huo una karibu kilo 1.9 kwa lita, hivyo hata bomba likijazwa maji litanyanyuka. Wekeni vishikizo, mjaze kwa awamu mbili, ya kwanza ikikaza ndipo ya pili.

Kwa hilo lililopo, fungueni juu miisho yote miwili. Mpira mwembamba ukipita, usukumeni hadi ndani kabisa, mpampu huku mkiuvuta polepole.